Vifurushi Vikigombana: Kusasisha Linux Bila Kuivunja Kompyuta

Ukiandika sudo apt upgrade kisha kompyuta ikakujibu kwa mistari yenye maneno unmet dependencies, usiguse kitu kwanza. Ikifika hapo bado haijaharibika. Imekataa tu kufanya kazi ambayo hesabu yake haitimii. Kinachoiharibu kwa kawaida ni amri inayofuata, ile ambayo mtu ameiokota mahali na kuibandika kwenye terminali bila kuisoma, mradi ina neno force.

Mwongozo huu ni wa wale wanaotumia Ubuntu, Linux Mint au Debian hapa Moshi, uwe mjini karibu na stendi au juu kule Marangu, Kibosho na Machame. Laptop nyingi za mtumba tunazonunua hazina vigezo vya kupokea Windows 11, na Microsoft iliacha kuihudumia Windows 10 tarehe 14 Oktoba 2025. Kwa kompyuta za namna hiyo Linux ni njia nzuri ya kuendelea kupata masasisho ya usalama bila kununua mashine nyingine. Lakini Linux ina tabia yake kuhusu programu, na asiyeijua tabia hiyo ataishia kufomati kila baada ya miezi michache.

Tabia yenyewe ni hii. Programu za Linux hazijibebei kila kitu. Zinatumia maktaba za pamoja: moja ya usimbaji, moja ya herufi za lugha zote, moja ya sauti, na nyingine nyingi. Ni kama mashamba ya vihamba yanavyochota maji ya mfongo mmoja kutoka mlimani. Anayebadili njia ya maji kule juu amegusa migomba ya wote walio chini yake. Kila kifurushi kinakuja na maelezo ya maktaba kinazozihitaji na toleo lake. Kazi ya APT, programu inayosimamia vifurushi, ni kutafuta mpangilio unaoviridhisha vifurushi vyote kwa pamoja. Ikiukosa, inasimama na kukupa ujumbe.

Kabla ya kuusoma ujumbe huo, fanya mambo mawili. Kwanza, nakili kazi zako kwenye flashi au diski ya nje: tasnifu, hesabu za duka, picha. Pili, hifadhi kumbukumbu ya mfumo ulivyo sasa:

apt-mark showmanual > ~/orodha.txt
sudo cp -r /etc/apt ~/apt-ya-zamani

Amri ya kwanza inaandika orodha ya vifurushi vilivyosakinishwa kwa kuagizwa, bila vile vilivyokuja kama tegemezi. Ya pili inanakili mipangilio ya maghala unakochukulia programu. Hazichukui hata dakika moja, na mambo yakienda mrama utakuwa na pa kurudia.

Kisha hakikisha hakuna kazi iliyokatikia njiani. Hapa watu huchanganya mambo. Bando likiisha katikati ya kupakua, hakuna lililoharibika, kwa sababu kwa kawaida APT hupakua kila kitu kwanza ndipo ianze kufungua. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilipokatika na intaneti ya Tanzania kuzorota, aliyekuwa anasasisha kompyuta siku ile alipoteza muda tu. Mtandao uliporudi angerudia amri ileile, na vifurushi vilivyokwisha kushuka visingepakuliwa upya. Hatari iko kwenye umeme. Ukikatika wakati vifurushi vinafunguliwa, vingine vitakuwa vimeingia nusu na vingine vitakuwa havijasanidiwa. Laptop yenye betri nzima itakuokoa. Kompyuta ya mezani isiyo na UPS haitakuokoa. Dawa yake ni hii:

sudo dpkg --configure -a
sudo apt --fix-broken install

Amri ya kwanza inamalizia usanidi uliokatika, ya pili inaleta tegemezi zilizokosekana. Soma amri ya pili inataka kufanya nini kabla ya kukubali. Na ukiambiwa kwamba faili la lock-frontend limeshikwa na unattended-upgr, subiri. Hiyo ni kompyuta yako inajisasisha yenyewe kwa siri. Kufuta faili hilo la kufuli wakati kazi inaendelea ni kujitafutia ugomvi mkubwa kuliko uliokuwa nao.

Sasa tuusome ujumbe. Tuchukue kompyuta ya mwanafunzi anayechambua takwimu kwa R, awe wa afya pale KCMC au wa ushirika pale MoCU. Kompyuta ina Ubuntu 22.04. R iliyomo kwenye ghala la Ubuntu 22.04 ni 4.1.2, na pakeji anayoitaka inadai R mpya zaidi. Anafuata maelekezo ya kuongeza ghala la CRAN, anasasisha, anaomba r-base, na anajibiwa hivi:

The following packages have unmet dependencies:
 r-base-core : Depends: libicu66 (>= 66.1-1~) but it is not installable
E: Unable to correct problems, you have held broken packages.

Ujumbe wa APT haujatafsiriwa kwa Kiswahili. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, lakini terminali yetu imebaki na Kiingereza. Kwa hiyo tuufungue mstari kwa mstari. Mstari wa kati unasema kwamba kifurushi r-base-core kinahitaji libicu66, toleo la 66.1 au la juu yake, na kwamba hiyo libicu66 haipatikani katika ghala lolote unalolitumia. Mstari wa mwisho unadai umezuia vifurushi fulani visibadilike. Usiuamini. APT huutoa hata pale ambapo hakuna ulichozuia. Maana yake halisi ni kwamba imeshindwa kupata mpangilio. Ukitaka uhakika andika apt-mark showhold. Ikirudi tupu, sahau habari ya held. Ikitaja jina, sudo apt-mark unhold pamoja na jina hilo itakiachilia kifurushi.

Swali la kuuliza hapa ni moja: kifurushi hiki kimetoka wapi? Amri ya kulijibu ndiyo yenye manufaa kuliko zote katika ukurasa huu:

apt policy r-base-core

Itakuonyesha kitu cha namna hii:

r-base-core:
  Installed: (none)
  Candidate: 4.4.2-1.2004.0
  Version table:
     4.4.2-1.2004.0 500
        500 https://cloud.r-project.org/bin/linux/ubuntu focal-cran40/ Packages
     4.1.2-1ubuntu2 500
        500 http://tz.archive.ubuntu.com/ubuntu jammy/universe amd64 Packages

Candidate ndilo toleo ambalo APT imelichagua. Chini yake kuna maghala mawili. La pili, lenye tz mwanzoni, ni la Ubuntu. Kisakinishi hulipanga hivyo ukikiambia uko Tanzania. La kwanza ni la CRAN, na hapo ndipo penye tatizo: linasema focal, na focal ni Ubuntu 20.04. Jammy ndiyo 22.04. Hata namba ya toleo inajitaja yenyewe, tazama 2004 mwishoni. Mwanafunzi wetu amefuata maelekezo sahihi ya kompyuta isiyo yake. R iliyotengenezewa 20.04 inatafuta libicu66, na 22.04 ina libicu70. Ukifika 24.04 utaikuta libicu74. Hizo haziwezi kubadilishana nafasi.

Ukishaona hivyo, usihangaike kuitafuta libicu66. Rekebisha ghala. Tafuta faili lenye neno hilo:

grep -rn focal /etc/apt/sources.list /etc/apt/sources.list.d/

Lifungue faili hilo kwa sudo nano, weka jammy-cran40 badala ya focal-cran40, hifadhi, kisha sudo apt update na sudo apt install r-base. Kazi imekwisha. Kwenye Ubuntu 24.04 usishangae kukuta /etc/apt/sources.list haina kitu cha maana. Maghala ya Ubuntu yamehamia kwenye faili la ubuntu.sources ndani ya sources.list.d, na mpangilio wa mistari yake ni tofauti.

Watumiaji wa Linux Mint wana mtego wao hapa. Maelekezo mengi huamuru kompyuta ijitaje kwa lsb_release -cs. Kwenye Mint jibu litakuwa jina la Mint, kama vanessa au wilma, na maghala mengi ya nje hayayajui majina hayo. Unachotaka ni jina la Ubuntu iliyo chini yake:

grep UBUNTU_CODENAME /etc/os-release

Mint 21 itajibu jammy, Mint 22 itajibu noble. Hilo ndilo la kuandika.

Nimekaa sana kwenye mfano mmoja kwa sababu sehemu kubwa ya migongano inafanana nao. Vifurushi vya ghala rasmi, kwenye toleo moja la Ubuntu, mara chache hugombana vyenyewe kwa vyenyewe. Vimejengwa na kupimwa pamoja. Ugomvi huletwa na mgeni: ghala la nje, PPA (ghala binafsi) iliyosahaulika, au faili la .deb lililopakuliwa kutoka kwenye tovuti. Ukimtambua mgeni, umemaliza nusu ya kazi. Ili kuwaona wageni wote waliosakinishwa ambao hawana ghala linalowatambua sasa, andika:

apt list '?obsolete'

Kama mgeni ni PPA, sakinisha ppa-purge, kisha andika sudo ppa-purge ppa: na jina la ghala hilo bila kuacha nafasi katikati. Inafunga ghala na kuvirudisha vifurushi vyake kwenye matoleo ya Ubuntu. Kama ni kifurushi kimoja tu kilichopanda juu mno, unaweza kukishusha kwa kutaja toleo, sudo apt install jina=toleo, ukichukua namba kamili iliyo kwenye orodha ya apt policy.

Kwa mafaili ya .deb, acha mazoea ya dpkg -i. Yenyewe inasakinisha bila kutafuta tegemezi na kukuachia mfumo wenye kidonda. Ingia kwenye folda ya faili na uandike sudo apt install ./faili.deb. Alama ya ./ isisahaulike. APT itatafuta tegemezi, na isipozipata itakataa kabla haijagusa kitu. Utakalokutana nalo sana ni programu ya zamani inayodai libssl1.1. Ubuntu 22.04 haina maktaba hiyo, ina libssl3. Wapo watakaokushauri uichukue libssl1.1 kutoka ghala la 20.04 uiingize kwa nguvu. Programu itafunguka, ni kweli. Lakini OpenSSL 1.1.1 iliacha kuhudumiwa bure tarehe 11 Septemba 2023, na hii ndiyo maktaba inayolinda mawasiliano yako. Kwa kompyuta inayofungua akaunti ya benki au mafaili ya wagonjwa, jibu langu ni hapana. Tafuta toleo jipya la programu yenyewe. Kwenye 24.04 utakutana pia na ujumbe kwamba libasound2 haina cha kusakinishwa. Pale imebadilishwa jina kuwa libasound2t64, na .deb ya zamani huenda isilijue jina hilo.

Si kila ujumbe ni ugomvi. Ukiona kwamba vifurushi kadhaa have been kept back, au kwamba vimeahirishwa due to phasing, huenda hakuna tatizo kabisa. Ubuntu hutoa baadhi ya masasisho kwa awamu, kompyuta chache kwanza, halafu nyingine, ili kasoro ikionekana isimfikie kila mtu. Zamu yako itafika. Anayelazimisha hapo anajitolea kuwa wa kujaribiwa.

Na sasa hatari yenyewe. Kuna tofauti kati ya apt upgrade na apt full-upgrade: ya kwanza haiondoi kifurushi kilichopo, ya pili inaweza kuondoa ili hesabu itimie. Kwa hiyo kila mara kabla ya kubonyeza y, tafuta mstari usemao The following packages will be REMOVED, usome majina yote. Ukikuta ubuntu-desktop, cinnamon, gnome-shell, systemd au linux-image unayoitumia, jibu n. Ukitaka kuona bila kutenda, ongeza -s:

apt -s full-upgrade

Novemba 2021 Linus Sebastian wa Kanada, mwenye kipindi cha Linus Tech Tips, alitaka kusakinisha Steam kwenye Pop!_OS ili acheze michezo. Tegemezi zilikuwa zimegongana siku hiyo, na APT ikaona njia pekee ni kuondoa mazingira yote ya eneokazi. Ilimwonya, ikamtaka aandike kwa mkono sentensi Yes, do as I say! ndipo iendelee. Akaandika. Kompyuta ikabaki na skrini nyeusi ya maandishi mbele ya watazamaji. Mwaka uleule watunzaji wa APT waliondoa mlango huo wa kuandika sentensi. Kosa la awali lilikuwa la waliotengeneza kifurushi, lakini onyo lilikuwepo na orodha ilikuwepo. Pupa haina dawa, mangi.

Watafiti wa takwimu wana ugomvi mwingine, wa Python. Kwenye Debian 12 na Ubuntu 24.04, pip install itakujibu externally-managed-environment. Usiongeze --break-system-packages, jina lake linajieleza. Kompyuta yenyewe inatumia Python kwa shughuli zake, na wewe tengeneza ya kwako pembeni:

sudo apt install python3-venv
python3 -m venv ~/kazi
source ~/kazi/bin/activate

Baada ya hapo pip itasakinisha ndani ya folda hiyo tu. Flatpak na Snap zinafuata wazo la karibu na hilo: programu inakuja na sehemu kubwa ya maktaba zake, ikiepuka ugomvi. Gharama yake ni bando, kwa sababu maktaba hizo zinashuka upya.

Kwa shule yenye chumba cha kompyuta kule mlimani, ambako mtandao ni wa modemu ya simu, kuna njia ya kusasisha kompyuta 20 kwa kupakua mara moja. Chagua moja iwe seva, sakinisha apt-cacher-ng, na kwenye kila kompyuta nyingine tengeneza faili /etc/apt/apt.conf.d/01proxy lenye mistari hii, ukiweka anwani ya seva yako:

Acquire::http::Proxy "http://192.168.1.10:3142";
Acquire::https::Proxy "DIRECT";

Kompyuta ya kwanza itapakua, zinazofuata zitachukua kwenye seva. Faida yake haiishii kwenye bando. Zote zitapata matoleo yaleyale kutoka mahali pamoja, na mgongano ukitokea utatokea kwa namna moja badala ya namna 20. Kwa mtu mmoja mwenye bando la usiku, sudo apt full-upgrade --download-only itapakua usiku bila kusakinisha. Asubuhi unasakinisha bila mtandao, ukiwa macho, na orodha ya REMOVED ukiisoma vizuri.

Kuhama toleo zima ni kazi tofauti. Ubuntu 20.04 iliishiwa huduma ya kawaida mwishoni mwa Mei 2025. Ukiwa bado huko, huwezi kuruka moja kwa moja hadi 24.04, pita 22.04 kwanza. Usibadilishe majina kwenye mafaili ya maghala kwa mkono. Tumia sudo do-release-upgrade, ambayo inafunga maghala ya nje kabla ya kuanza. Yaache yamefungwa hadi utakapohakikisha kila moja lina toleo la Ubuntu mpya.

Ikiwa umefanya yote haya na bado imekataa, kufomati hakuna aibu, hasa kama umehifadhi orodha.txt na kazi zako ziko salama. Ila kusiwe kitu cha kwanza kufanywa, kama baadhi ya mafundi wa mjini walivyozoea, maana mgeni yuleyule ataongezwa tena wiki inayofuata na ugomvi utarudi vilevile. Na ukiamua kumpelekea fundi, usimpelekee picha ya nusu ya skrini uliyopiga kwa simu. Mpelekee ujumbe wote wa kosa, matokeo ya apt policy ya kifurushi kinacholalamikiwa, na faili la /var/log/apt/history.log, ambalo lina tarehe na saa ya vilivyosakinishwa au kuondolewa kwa APT, na amri iliyosababisha.